Rosa na Yasmin kwenye benchi moja: namna ya kuwakutanisha bila kuwageuza wahutubu

Swali la msomaji: "Nafundisha Kiswahili kidato cha tano. Nataka wanafunzi waigize mchezo wa dakika 15 ambamo Rosa wa Rosa Mistika anakutana na Yasmin wa Vuta N'kuvute. Nimeandika rasimu tatu. Zote zinaanza vizuri, ila zikifika katikati mabinti hawa wanaanza kuhutubiana juu ya mateso ya mwanamke, na ukifuta majina pembeni huwezi kujua nani anasema. Wakutane wapi, lini, na wazungumze nini?"

Mwalimu, bila kuziona rasimu zako nakisia kwamba wawili hawa umewakutanisha ndotoni, ahera, au "mahali fulani" pasipo na mwaka. Watu waliowekwa mahali pasipo na mwaka, pasipo na njaa wala saa ya kurudi nyumbani, hawana la kufanya ila kuhutubu. Wape tarehe, wape mahali, kisha mpe kila mmoja haja ndogo ya jioni ile ile inayogongana na haja ya mwenzake. Hotuba zitakosa nafasi zenyewe.

Tuanze na tarehe, maana hapa wengi wanateleza. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ikatoka 1999. Kwa hiyo mtu hudhani Rosa ndiye mkubwa na Yasmin ndiye binti wa kisasa. Ndani ya hadithi mambo ni kinyume. Yasmin anaishi Unguja ya Mwingereza, katika miaka ya mwisho ya utawala uliokoma tarehe 10 Desemba 1963. Rosa ni msichana wa nchi iliyokwisha kujitawala, anayetoka Namagondo, Ukerewe, kwenda shule ya sekondari ya wasichana na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Yasmin anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye miaka 52. Tuseme mwaka huo ni 1956, kwa ajili ya mchezo wako tu. Basi mwaka 1969 Yasmin ana miaka 28, na Rosa wa chuoni unaweza kumpa 20. Hapo hukuhitaji ndoto wala mizimu. Wanawake wawili, mmoja mkubwa kwa mwenzake kwa miaka minane, wanaweza kabisa kukalia benchi moja.

Ahera nakushauri uiache kwa sababu nyingine pia. Kezilahabi mwenyewe ameifikisha riwaya yake huko, kwenye hukumu baada ya kifo. Ukirudi pale pale utakuwa unashindana naye uwanjani kwake.

Pengo la miaka minane linakupa kitu cha kwanza cha jukwaani: nani anaamkia. Rosa anasema "Shikamoo dada", Yasmin anaitika. Sentensi mbili tu, na tayari hawako sawa. Rasimu ambamo wanaitana kwa majina tangu mwanzo, kama wanafunzi wa darasa moja, zimejinyima daraja hilo bure.

Kuna tofauti nyingine ya nyakati, nayo ni ya uandishi. Kezilahabi alizaliwa 1944. Alikuwa kijana akiandika mambo yaliyokuwa mbele ya macho yake, katika kisiwa alichozaliwa. Shafi aliandika juu ya Unguja ya miaka kama arobaini nyuma, akijua mambo yaliishia wapi. Nadhani ndiyo maana Rosa anabanwa na hadithi yake mpaka anakosa pumzi, ilhali Yasmin ana nafasi ya kugeuka, kukosea na kuanza tena. Jukwaani litafsiri jambo hili kwa njia rahisi: Yasmin anaweza kuyacheka yaliyomuumiza. Rosa bado hawezi. Hilo peke yake litatenganisha sauti zao kuliko lafudhi yoyote.

Sasa chagua ni Rosa yupi. Yule wa mwanzo, anayepigwa na baba yake Zakaria kwa sababu ya barua ya mapenzi ya Charles, ni mtoto mno. Atamsikiliza mkubwa tu na kuitikia. Yule wa mwisho, Charles akishamkataa, anavutia sana wanafunzi na ndiye mbaya kuliko wote kwa kazi yako. Watazamaji wanajua anajiua. Watakaa wakingoja Yasmin amwokoe, na akimwokoa umeisaliti riwaya, asipomwokoa umemfanya Yasmin mkatili. Mchukue Rosa wa katikati, wa Morogoro. Amekwisha kuonja uhuru, ana siri, anajua kudanganya, na hajui mwisho wake. Wewe pia sahau kwamba unaujua. Usimpe hata sentensi moja ya kubashiri kifo, kama "siku moja nitalala nisiamke". Watazamaji wataiona njama mara moja.

Kwa Yasmin kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kati ya riwaya yake na mwaka wako wa 1969 yamo Mapinduzi ya 12 Januari 1964 na Muungano wa 26 Aprili mwaka huo huo. Riwaya inaishia kabla ya hapo. Yeye ni mwanamke mwenye asili ya Kihindi, aliyetengwa na jamaa zake kwa kumkimbia mume na kuishi na rafiki yake Mwajuma, kisha akapendana na Denge aliyekuwa akiwindwa na polisi wa kikoloni. Usiku ule wa Mapinduzi alikuwa wapi? Na alivukaje kuja bara? Lazima uamue, uandike kwenye daftari lako nusu ukurasa, halafu usiseme neno jukwaani. Mwigizaji wake akijua jibu, atakaa tofauti mtu anapotaja Unguja. Ukiliandika kwenye mazungumzo, utajikuta unafundisha historia, na Rosa amekaa kimya dakika nne.

Mahali: stesheni ya Morogoro, saa moja usiku. Reli ya kati inapita hapo kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Tabora mpaka Mwanza, na njia hiyo hiyo ndiyo ya Rosa kurudi kwao kabla ya kupanda meli ya Ukerewe. Stesheni inahalalisha wageni kukaa pamoja, na gari moshi linaweza kuchelewa bila mtu kuuliza sababu. Jukwaa lako linahitaji benchi moja, furushi moja, sanduku dogo na taa ya chemli. Usiongeze.

Kwa nini 1969 na si mwaka mwingine? Kwa sababu ya gauni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya nguo fupi, suruali za kubana, wigi na vipodozi vya kujichubua, ianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Shabaha ilikuwa Dar es Salaam, lakini msichana aliyetoka Dar jioni hiyo ameona au amesikia ya kutosha, na anapowaona vijana wawili wa chama wamesimama karibu na lango la stesheni hana haja ya kusubiri waseme. Mpe Rosa gauni fupi. Alikwenda Dar bila ruhusa, anarudi, chuo kinafunga lango saa mbili usiku, na ana saa moja tu.

Yasmin ana furushi, na ndani yake kuna doti ya kanga. Doti ni vipande viwili. Anakata uzi, anampa Rosa kimoja ajifunge. Tendo hilo linafanya kazi ya maneno mia mbili: linaonyesha ukarimu, linaonyesha kwamba Yasmin ameona kila kitu, na linamwacha na kipande kimoja, hasara anayoihisi mtu yeyote wa pwani. Barua nayo ingefaa, kwa kuwa kila msomaji wa Rosa anaikumbuka ile ya mwanzo, lakini barua lazima isomwe, na ikisomwa itawarudisha kwenye wanaume. Kanga inatosha. Usisomeshe jina lake kwa sauti. Mtindo wa kuimalizia hoja kwa jina la kanga umetumika hadi umechakaa.

Sasa haja zao. Rosa anahitaji mtu mzima amsindikize hadi chuoni aseme, "Huyu ni mdogo wangu, nilimchelewesha mimi." Yasmin naye amekuja Morogoro kwa mtu asiye na hakika kama atampokea, na hataki kuonwa mjini kabla ya asubuhi. Mmoja anahitaji mwenzake aonekane. Mwingine anahitaji asionekane. Hapo ndipo mchezo ulipo. Na ndani yake kuna kichekesho chungu: Rosa, Mkerewe, anamwomba Yasmin ajifanye ndugu yake wa damu. Mwanamke aliyekanwa na jamaa zake kwa kuwakaribia Waafrika anaombwa undugu na msichana Mwafrika, tena kwa uongo. Huna haja ya kulieleza. Liache litokee.

Hivi ndivyo dakika mbili za katikati zinavyoweza kwenda:

ROSA: Shikamoo dada.
YASMIN: Marahaba. Kaa, benchi si langu.
ROSA: La kwenda Dodoma limeshapita?
YASMIN: Bado. Mbona wavuta gauni? Halirefuki hilo.
ROSA: Baridi.
YASMIN: Baridi imesimama pale langoni, imevaa shati la kijani. Nimeiona. (Anafungua furushi, anakata uzi wa doti.) Shika.
ROSA: Nitakurudishiaje?
YASMIN: Jifunge kwanza.
ROSA: (Akijifunga.) Dada, una haraka?
YASMIN: Aliyekaa stesheni ana haraka gani?
ROSA: Chuo hakiko mbali. Ukinifikisha getini ukasema mimi ni mdogo wako, hawatauliza.
YASMIN: Nitazame vizuri.
ROSA: Utasema tumbo tofauti.
YASMIN: Tumbo tofauti, baba tofauti, na bahari katikati.
ROSA: Wakiona mtu mzima hawaulizi sana.
YASMIN: Wa kwetu waliuliza. (Kimya.) Waliuliza mpaka wakachoka, wakafunga mlango.
ROSA: Kwani ulifanya nini?
YASMIN: Saa yako yasemaje?

Angalia mambo matatu hapo. Hakuna mwanaume aliyetajwa kwa jina. Hakuna aliyemsimulia mwenzake riwaya yake. Na pale Rosa anapouliza swali ambalo watazamaji wote wanalitaka, hajibiwi. Mwandishi anayeanza hulijibu, kwa aya nzima, na mchezo unakufa papo hapo.

Lugha. Yasmin amekulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili ndicho lugha ya mitaa yake; ndiye mwenye Kiswahili kilaini kati ya wawili hawa. Kuna tabia ya jukwaani ya kumpa kila mhusika mwenye asili ya Kihindi matamshi ya dukani ili watu wacheke. Ikatae kabisa, na uwaambie wanafunzi mapema, maana watajaribu. Rosa ana Kikerewe nyumbani, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha darasani. Sentensi zake ziwe kamili na za adabu, viambishi vyote mahali pake: "unavuta", "ninaomba". Yasmin apewe alama chache za Kiunguja: "wavuta", "yasemaje", "miye". Alama tatu au nne kwa ukurasa zinatosha. Ukijaza kila mstari, mwigizaji wa bara atajikwaa na watazamaji watasikiliza lafudhi badala ya maneno.

Zoezi la maandalizi ni hili. Kila mwanafunzi wa zamu anakili kutoka kwenye riwaya sentensi 20 anazosema binti wake, zile za mdomoni mwake tu, si za msimulizi. Kisha ajibu: anauliza au anajibu? Anaanza yeye au anaanzwa? Anapokasirika sentensi inarefuka au inafupika? Majibu hayo yawe sheria ya mwigizaji. Msimulizi wa Kezilahabi hupenda kuingilia na kutoa maoni, na wanafunzi wengi humwekea Rosa mdomoni maneno ya msimulizi bila kujua. Nahisi hotuba zako, walau nusu, zilitoka huko.

Msamiati nao una umri wake. "Jinsia", "ukatili wa kijinsia", "haki za wanawake", "kujitambua": msichana wa 1969 hazungumzi hivyo akiwa na mgeni stesheni. Angesema "wananionea", "baba mkali", "watu watasema". Futa kila neno ambalo ungelikuta kwenye bango la semina. Fedha ni shilingi na senti. Shilingi ya Tanzania yenyewe ilianza 1966. Azimio la Arusha la Februari 1967 limo hewani, kwa hiyo redio, bango au kijana wa chama anaweza kulitaja, lakini si Rosa kwa Yasmin. Kwenye ndoa kuwa mwangalifu zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ni ya 1971, miaka miwili baada ya benchi lako, na haitumiki Zanzibar. Mhusika akisema "sheria inakataza" kuhusu umri wa kuolewa, umekosea mara mbili: tarehe na mahali. Tena sheria hiyo ilipokuja iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, umri ule ule wa Yasmin alipopelekwa kwa Bwana Raza. Hilo wajadili darasani baada ya mchezo.

Wanaume ndio watakaokusumbua kuliko yote. Zakaria, Charles, Raza na Denge ni wazito, na wakitajwa wanachukua benchi lote. Weka kanuni: kila mmoja atajwe si zaidi ya mara moja, na wawili kati yao wasitajwe kabisa. Ningemwacha Denge nje. Ana siasa, ana mbio na polisi, na akiingia Yasmin anageuka kuwa shahidi wa maisha ya mtu mwingine. Zakaria aingie kwa njia ya pembeni: Rosa anashtuka mlevi anapopita nyuma ya jukwaa akiimba. Yasmin anaona mshtuko huo. Basi.

Deogratias, Bwana Maendeleo aliyemharibu Rosa, ni jambo la kukuza ukipata nafasi. Yasmin alikulia katika nchi ambamo mwenye cheo alikuwa mkoloni, na wema, kwa macho yake, ulikuwa upande wa waliojificha. Rosa ameumizwa na mwenye cheo wa serikali huru, mtu wa kwao. Kwa hiyo Yasmin akisema kwa matumaini kwamba siku hizi walau wakubwa ni watu wenu, Rosa anyamaze. Sekunde tano. Mwigizaji asifanye chochote, aguse tu pindo la kanga. Kwangu mimi hapo ndipo nyakati mbili zinapogongana kweli kweli, na panastahili nafasi kubwa kuliko ulinganisho wowote wa mateso.

Kuhusu urefu: mazungumzo ya Kiswahili jukwaani, ukihesabu vituo na matendo, huenda kwa maneno kama 100 kwa dakika. Dakika 15 ni maneno 1,500 hivi. Ukiandika 2,500, wanafunzi watakimbia na hakuna atakayesikika. Kanga itolewe kufikia dakika ya tatu. Ombi la undugu lije dakika ya sita au ya saba. Kukataa kwa Yasmin kuwe na sababu anayoificha, na sababu hiyo ichomoze kufikia dakika ya kumi na moja. Mwisho una njia mbili safi. Ama Yasmin anakwenda naye na kukubali kuonwa, ama anabaki na Rosa anaondoka peke yake akiwa na kanga. Njia ya tatu, ya wao kukumbatiana na kuahidiana kuandikiana barua, itakujia yenyewe usiku wa kuamkia mazoezi. Ikatae. Ningechagua ya pili, kwa kuwa inaziacha riwaya zote mbili ziendelee na njia zake, na kwa kuwa Yasmin anabaki na kipande kimoja cha doti akijua amemnyima mtu jambo dogo.

Jaribio la mwisho kabla ya mazoezi: chapa mazungumzo bila majina, mpe mwanafunzi ambaye hakushiriki, aweke R au Y kila mstari. Akikosea mistari zaidi ya mmoja kati ya kumi, sauti bado zimechanganyikana. Rekebisha ile aliyokosea tu, usiandike upya yote.

Jambo la ofisini. Wahusika hawa wana wenyewe. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 hulinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada yake. Kuigiza darasani kama sehemu ya somo hakuna anayekufuata. Ukitaka kutoza kiingilio, kurekodi na kuiweka mtandaoni, au kuchapa kijitabu, waandikie kwanza wachapishaji wa riwaya zote mbili, na nakala uipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Omba mapema, kwa barua yenye tarehe ya onyesho, idadi ya watazamaji, na mazungumzo yote yakiwa yameambatishwa, kwa sababu swali la kwanza watakalokuuliza ni mhusika wao anafanya nini humo.